Nani Atauchora Lualaba?



Liko swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo. Je, mtu anayetaka kuchora mandhari ya nchi yake afundishwe kwa kumtazama mchoraji mwingine akifanya kazi, au aachwe peke yake na macho yake mbele ya mto na miti? Nimeulizwa hivyo mara nyingi tangu vikundi vyetu vilipozoea kutazama katika simu masomo ya wachoraji wa nchi za mbali. Wengine huongeza la pili: wale Wafaransa wanaoitwa Waimpresionisti, ambao vitabu vya shule huwasifu sana, walikuwa mafundi kweli, au walikuwa watu wasiomaliza kazi waliyoianza? Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa naona jibu la lile la kwanza limo ndani ya la pili.

Tuanze na jambo mlilolishuhudia wengi wenu. Kiangazi kilichopita mchoraji mmoja wa mjini, aliyefika Mulongo kwa matanga ya ndugu yake, alikubali kuwaonyesha vijana wa parokia namna ya kuchora. Alikuwa fundi, hilo halina ubishi. Kwa muda usiozidi saa moja alisimamisha mlima wenye theluji, akatandaza chini yake ziwa la buluu, akapanda misunobari mitatu upande wa kushoto, akamaliza kwa jua jekundu. Vijana 14 walikaa nyuma yake wakifuata kila mpigo wa burashi. Mwishowe karatasi 14 ziliwekwa juu ya meza: milima 14, maziwa 14, misunobari 42. Watu walipiga makofi, nami nilipiga, kwa sababu kumfuata fundi namna ile kunahitaji bidii. Lakini nje ya dirisha, mwendo wa dakika chache tu, Lualaba ulikuwa ukipita na mafunjo yake, mitumbwi yake na moshi wa wakausha samaki. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Simlaumu mgeni wetu. Alitoa alichokuwa nacho, tena bure. Wala siwalaumu wale mnaowatazama katika simu. Mashuhuri kuliko wote, Mmarekani Bob Ross, alionyesha kazi yake katika televisheni kuanzia mwaka 1983 hadi 1994, katika vipindi 403, na katika kila kimoja alimaliza picha nzima kwa muda usiofika nusu saa. Wengi wenu mnaijua milima yake. Lakini mjue pia ilikotoka. Bob Ross alikuwa askari wa jeshi la anga la Marekani, na kwa miaka mingi alikaa Alaska, nchi ya kaskazini yenye theluji na misunobari. Theluji ile ilikuwa yake. Aliikanyaga kwa viatu vyake, aliiona asubuhi na jioni, na aliporudi kusini akawa anaitoa kichwani kama sisi tunavyoweza kutoa kichwani njia ya kwenda shambani. Sisi tunapoichora, tunachora kumbukumbu ya mtu mwingine.

Hapa mnivumilie niseme kidogo kama mwalimu. Katika mafunzo ya ualimu tulifundishwa somo la kuonyesha: mwalimu anafanya mbele ya darasa, kisha mwanafunzi anafanya. Ni njia njema na ya zamani. Mhunzi, mfinyanzi na msuka nyavu hawana njia nyingine. Mtoto huonyeshwa namna ya kushika kalamu na kuizungusha mpaka herufi ya a itokee, naye hutengeneza a ile ile ya mwalimu. Hakuna ubaya. Lakini mtoto huyo akifika darasa la sita, mwalimu akampa insha ya kuandika juu ya nyumbani kwao, halafu akamwandikia ubaoni insha yake mwenyewe ainakili, amemnyang’anya kitu. Mkono hujifunza kwa kuiga. Jicho halijifunzi hivyo. Mchoraji anaweza kutuonyesha namna ya kulainisha rangi, namna ya kushika burashi bapa, namna ya kuchanganya buluu na manjano bila kupata tope. Haya na ayaonyeshe, tena polepole. Anapoanza kutuchagulia mlima, hapo somo limegeuka kuwa jambo lingine.

Hao Wafaransa walianza na somo la namna hiyo hiyo. Claude Monet alikuwa kijana wa miaka 17 hivi katika mji wa bandari wa Le Havre. Alikuwa akichora watu kwa mzaha, pua kubwa na vichwa vikubwa, akiuza picha hizo katika duka la fremu. Hakuwaza kuchora bahari wala mashamba. Katika duka lile zilionyeshwa pia picha za mtu mzima kidogo, Eugène Boudin, mwana wa baharia, aliyekuwa akichora pwani na mawingu akiwa amesimama nje penye upepo. Boudin alimsihi kijana afuatane naye. Monet alisitasita, mwishowe akaenda, akamtazama mwenzake akifungua sanduku na kuchora mbingu iliyokuwa juu ya vichwa vyao. Alipokuwa mzee alisimulia kwamba siku ile alielewa ghafula kuchora kunaweza kuwa nini, na kwamba kama alikuwa mchoraji, deni lake lilikuwa kwa Boudin. Basi hilo lilikuwa somo la kuonyesha hasa! Ila angalieni kilichoonyeshwa. Boudin hakumpa Monet picha ya kunakili ukumbini. Alimpeleka mahali, akasimama naye chini ya mbingu moja, na kijana aliweza kulinganisha yaliyo kwenye kitambaa na yaliyo mbele ya macho yake. Tangu hapo alikuwa na kipimo, na kipimo hicho hakikuwa Boudin.

Sasa lile la kutomaliza kazi. Tarehe 15 Aprili 1874 wachoraji wapatao 30 walifungua maonyesho yao wenyewe mjini Paris, katika vyumba vilivyokuwa vya mpiga picha Nadar, kwa kuwa maonyesho rasmi yalikuwa yamewakataa wengi wao mara kwa mara. Monet alileta picha ndogo ya bandari ya Le Havre wakati wa mapambazuko, jua la rangi ya chungwa katika ukungu, akaiita Impression, soleil levant. Mwandishi wa gazeti la kuchekesha, Louis Leroy, aliidhihaki akisema hata karatasi ya kubandika ukutani, ikiwa bado inaanza kutengenezwa, imekamilika kuliko picha hiyo. Jina la Waimpresionisti lilianza kama dhihaka. Kwa hiyo kijana aliyeniambia kwamba picha hizi zinaonekana kama zimeachwa katikati ana mwenzake wa tangu miaka 150.

Mimi simkubali Leroy, lakini sababu yangu si kwamba dunia imekwisha kuwasifu. Sababu ni saa. Jaribu kuchora ukungu wa Lualaba saa kumi na mbili asubuhi. Wakati unachanganya rangi ya kijivu, ukungu umepanda. Unapotazama tena, mafunjo yaliyokuwa kivuli tu yamekuwa majani. Mtu mwenye kutaka kuchora kitu kinachokwisha kwa nusu saa lazima achore kwa nusu saa. Mapigo yao mafupi ya burashi, rangi iliyowekwa juu ya rangi kabla haijakauka, vyote hivyo ni mwendo wa mtu anayefukuzana na jua. Na kazi hiyo iliwezekana kwa ajili ya chombo kidogo: mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani, John Goffe Rand, alibuni tyubu ya bati yenye kifuniko. Kabla yake rangi ya mafuta ilitiwa katika kibofu cha nguruwe, kikapasuka njiani au rangi ikakauka. Tyubu ilimwezesha mchoraji kubeba karakana yake begani. Mambo makubwa ya sanaa mara nyingine hutegemea vitu vya kawaida kama hivyo, nami napenda vijana wanaofikiri kwamba sanaa ni ndoto tu walijue hilo.

Jambo la pili ambalo Waimpresionisti wanaweza kutufaa ni kivuli. Walimu wa zamani wa Ulaya walizoea kutia kivuli kwa rangi nyeusi au ya kahawia. Waimpresionisti walitazama theluji wakaona kivuli chake ni buluu. Walitazama majani wakaona kivuli chake kina zambarau. Sisi hatuna theluji, lakini tuna udongo mwekundu. Nendeni saa tisa alasiri, mtazame kivuli cha mwembe kilicholala juu ya njia. Hakika si cheusi. Wengine mtaona urujuani, wengine rangi ya damu iliyokauka, na ukingoni kuna mstari mwembamba wa joto ambao sina jina lake. Hilo Bob Ross hawezi kuwaambia, na Monet vilevile, maana Mulongo iko karibu digrii 8 kusini ya ikweta na mwangaza wetu si wao. Jioni yao ya mwezi wa Juni hukawia sana kabla ya giza. Yetu huanguka kama pazia. Saa sita mchana jua letu liko karibu na utosi, vivuli hujificha chini ya vitu, na kila kitu huonekana bapa. Ni saa ngumu kuchora. Atakayefaulu kuichora saa sita ya kwetu hatakuwa amemwiga mtu.

Kuhusu uvumilivu wa Monet sitasema mengi, kwa sababu vitabu vyenu vimesema. Katika miaka ya 1890 na 1891 alichora marundo ya mavuno shambani karibu na nyumba yake mara 25 hivi, kila moja katika saa na hali yake ya hewa. Baadaye alichora uso wa kanisa kuu la Rouen mara zaidi ya 30. Wanaodhani kwamba alifanya hivyo kwa ibada watasikitika: alilitazama kanisa kama alivyotazama rundo la ngano, mahali ambapo mwanga hutua. Halafu alinunua ardhi huko Giverny mwaka 1893, akachimbisha bwawa, akapanda mayungiyungi ndani yake ili ayachore mpaka uzeeni. Kila ninapofikiri juu ya bwawa lile hucheka kidogo. Mayungiyungi! Kwetu mvuvi huyakatia njia kwa kafi akilalamika.

Lakini lipo jambo katika Uimpresionisti linalonitia wasiwasi, na sitaki mlipite haraka. Mwaka 1879 mke wa Monet, Camille, alikufa akiwa na umri wa miaka 32 tu. Monet alimchora akiwa amelala kitandani pa mauti. Miaka mingi baadaye alimweleza rafiki yake Clemenceau jinsi alivyojishtukia wakati ule: macho yake yalikuwa yakitafuta, yenyewe bila yeye kutaka, mpangilio wa rangi ambazo mauti yalikuwa yakiziweka juu ya uso uliopendwa, buluu, manjano, kijivu. Jambo hilo lilimwogopesha. Mimi naheshimu kwamba lilimwogopesha. Jicho lililozoezwa kuona rangi tu linaweza kufika mahali pa kuona rangi peke yake.

Wekeni kando ya habari hiyo picha za Alfred Sisley. Ndiye niliyempenda kwanza nilipoona picha hizi katika kitabu, kwa sababu alichora maji yaliyovunja kingo. Mwaka 1876 mto Seine ulifurika katika kijiji cha Port-Marly, naye akaenda kuchora. Nyumba ya muuza divai imesimama majini, mitumbwi iko mahali palipokuwa na barabara, miti haina mizizi inayoonekana, na juu yake mbingu kubwa ya mawingu meupe inajitazama katika maji. Ni picha nzuri sana. Tena ni tulivu mno. Hakuna anayelia. Watu wachache waliomo ni wadogo, wanatembea kana kwamba siku ile ni siku kama nyingine.

Sisi tuliozaliwa katika bonde hili tunajua maji yakija yanachukua nini. Yanachukua mihogo kabla haijakomaa, yanachukua ukuta wa matofali mabichi, yanachukua choo na kukileta kisimani, na baada ya hapo kipindupindu hakichelewi. Kijana wa Mulongo akichora mafuriko, je, achore kama Sisley? Nimelifikiria sana. Maji hayaachi kung’aa kwa sababu yanabomoa, na mchoraji anayeyatia weusi kila mahali ili tujue kwamba ni mabaya anatudanganya kwa upande mwingine. Tena Sisley hakuwa tajiri aliyetazama shida ya watu kutoka ghorofani; alikufa mwaka 1899 katika umaskini, picha zake zikiuzwa kwa bei ya chini. Hata hivyo nasimama hapa: akiichora siku ile, kijana wetu amweke na mama anayebeba godoro kichwani, na amweke kwa ukubwa wa kutosha tumtambue. Kwetu mtu ni sehemu ya mandhari. Ukingo wa Lualaba usio na mtu hata mmoja si picha ya Lualaba. Mtu anayeuchora mtupu ameukopa kutoka kwenye kalenda.

Kwa sababu hiyo, kati ya hao wote, mimi huwapendekezea Camille Pissarro. Alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha Saint Thomas huko Karibi, kilichokuwa wakati ule chini ya Denmark, mahali penye jua kali na bandari yenye watu weusi wengi, na kazi zake za ujana zinawaonyesha. Huko Ufaransa alichora wakulima wakilima, wanawake sokoni, njia za vijiji baada ya mvua. Wakati wa vita vya mwaka 1870 alikimbia na familia yake; askari wa Prussia walikaa katika nyumba yake ya Louveciennes, na aliporudi alikuta kazi zake nyingi zimeharibiwa. Wazazi wenu walioikimbia vita ya kwetu hawahitaji kuelezwa kurudi kwa namna hiyo. Alianza tena. Kati ya maonyesho manane ya kundi lile, tangu 1874 hadi 1886, yeye peke yake alishiriki yote.

Tena alikuwa mwalimu. Paul Cézanne, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka tisa, alikwenda kuishi karibu naye mwaka 1872. Akaazima picha moja ya Pissarro na kuinakili kwa uaminifu. Mnaona, sikatai kunakili! Lakini baada ya hapo walitoka pamoja, wakaweka vitambaa vyao mbele ya vilima vile vile na nyumba zile zile, huyu upande huu na huyu upande ule. Ukizitazama picha hizo leo, unatambua mahali ni pamoja na unatambua mikono ni miwili. Cézanne alitoka pale na njia ambayo Pissarro mwenyewe hakuwa nayo. Hilo ndilo somo la kuonyesha ninalolitamani katika parokia zetu.

Mtasema: hao ni wa Ulaya, wana historia yao. Basi twendeni Bukama, juu ya mto wetu huu huu. Mwaka 1926 mtumishi wa serikali ya kikoloni, Mbelgiji Georges Thiry, aliona huko nyumba zilizochorwa picha kutani. Akampa karatasi na rangi za maji mchonga pembe za ndovu aliyeitwa Albert Lubaki. Mkewe Antoinette naye alichora. Picha zile za ndege, mamba, miti na watu safarini zilionyeshwa Brussels mwaka 1929 na Geneva mwaka 1930, wakati ambapo Monet alikuwa amekufa miaka michache tu iliyopita. Lubaki hakujua lolote juu ya Monet, na karatasi yake haina ukungu wala vivuli vya zambarau. Ina mti mmoja, ndege mmoja, na weupe mkubwa unaowazunguka. Ukiutazama mti ule unajua mtu huyu alikaa mbele ya miti.

Baadaye Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mwaka 1946 huko Elisabethville, leo Lubumbashi, karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Yeye alichukua msimamo mkali kuliko wangu: hakutaka kuwaonyesha wanafunzi wake picha yoyote ya Ulaya wala kuwachorea kielelezo. Aliwahimiza watazame wanyama, mimea na maji ya nchi, kisha watafute wenyewe. Na walitafuta. Pilipili Mulongoy alichora samaki, nyoka na ndege katikati ya majani, akijaza nafasi yote kwa vidoa vidogo mpaka hewa yenyewe ikaonekana inatetemeka. Bela aliacha burashi akachora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa Kilumba mwaka 1925, alitengeneza picha zake kwa mistari mifupi ya rangi za udongo, kama mtu anayefuma mkeka. Watu watatu, karakana moja, na hakuna anayeweza kumchanganya mmoja na mwingine. Kazi zao, pamoja na za Lubaki, zilionyeshwa tena mjini Paris mwaka 2015, na wageni wengi walijifunza siku hizo majina ambayo watoto wa Katanga hawafundishwi.

Je, Desfossés alikuwa na haki? Nusu. Aliwalinda wasiige, na matunda tunayaona. Lakini kumficha kijana wa Kiafrika picha za dunia nzima kwa hofu kwamba ataharibika ni kumfuga kama samaki wa bwawani. Kuna dharau ndani ya ulinzi wa namna hiyo, hata kama aliyeufanya aliwapenda watu wake, nami naamini aliwapenda. Cézanne alimwona Pissarro asiharibike. Mwenze naye angeweza kumwona Monet. Mimi ningewaonyesha vijana wetu vyote: Monet, Sisley, Lubaki, Pilipili, na Bob Ross wa simuni. Halafu ningezima simu na kutoka nje.

Najua pingamizi litakalokuja, maana nimekwisha kulisikia katika kikao cha kuchagua mchoro wa ukuta wa ukumbi, ambapo mapendekezo mawili kati ya matatu yalikuwa na theluji. “Baba Mwalimu, watu hununua theluji. Mto wanauona kila siku, nani atautolea franka?” Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa kijana anayechora anataka pia kula. Lakini kumbukeni Lubumbashi ya miaka ya 1970. Wachoraji wa mitaani walikuwa wakiuza picha zao kwa familia za kawaida, wafanyakazi na wachuuzi, watundike sebuleni. Waliuza mamba muntu, waliuza picha za wakati wa Wabelgiji na kiboko chao. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya Kongo, zaidi ya picha 100, mara nyingi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Watu walinunua kwa sababu picha ziliwakumbusha jambo lao. Mtu wa Mulongo aliyehamia Lubumbashi au Kolwezi hana Lualaba dirishani. Huyo ndiye mnunuzi, na hahitaji mlima wa Alaska.

Nanyi msiseme kwamba hakuna vifaa. Rangi za mafuta ni ghali, ni kweli, na tyubu ya Rand haifiki kwetu mara kwa mara. Lakini mfuko wa unga uliofuliwa na kupigwa pasi hukubali rangi ya nyumba iliyobaki kwenye makopo. Makaa tunayo kila jikoni. Udongo mwekundu ukichekechwa kwa kitambaa chembamba na kuchanganywa na gundi ya mihogo hushika vizuri juu ya karatasi nene, na pemba nyeupe ya mtoni pia. Ukiwa na nyekundu ya udongo, nyeupe ya pemba, nyeusi ya makaa na kopo moja la buluu, una rangi za kutosha kwa asubuhi nzima ya mto.

Jumamosi tutaanza na ukungu, kabla haujapanda. Nitawaonyesha namna ya kukoroga gundi na namna ya kuweka rangi nyepesi kabla ya nzito, kisha nitanyamaza na kila mmoja atachagua mahali pake. Leteni mikeka, maana nyasi za ukingoni hubaki na umande mpaka saa mbili.